Mtaa wa filamu usimame hata filamu ikisahauliwa

Julai 2025 bustani ya burudani ya Disney iitwayo Magic Kingdom, Florida, ilifunga mto wake wa Rivers of America pamoja na mashua yake ya moshi na kisiwa cha Tom Sawyer, ili kupisha mtaa mpya wa filamu za Cars. Mabishano ya mashabiki yaliyokuwepo miaka yote yakawaka upya. Upande mmoja unalalamika kuwa bustani za burudani zinageuzwa mabango ya kutangaza filamu. Upande wa pili unajibu kuwa mtoto wa leo hamjui Tom Sawyer, mvulana wa riwaya ya kale ya Kimarekani, anamjua Lightning McQueen, gari shujaa wa Cars, basi apewe anachokijua. Bagamoyo, penye chuo cha sanaa cha TaSUBa na vijana wanaojenga majukwaa kwa mikono yao, ni mahali pazuri pa kuupima ubishi huu, kwa sababu mji wenyewe una kipimo ambacho wabunifu wa Florida walisafiri mbali kukitafuta.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea swali. Kuwepo au kutokuwepo kwa filamu si hoja. Hoja ni kama mtaa uliojengwa una sababu zake wenyewe za kuwepo: nani anaishi hapo, anauza nini, anakula nini, maji ya mvua yanakwenda wapi, kwa nini ukuta huu umechubuka na ule haukuchubuka. Mtaa wenye majibu hayo hubeba filamu yoyote utakayoupa. Usio nayo hauokolewi na filamu, hata iwe na mashabiki mamilioni.

Tuanze na mtaa ambao mtu wa pwani ana haki ya kuukagua. Harambe, ndani ya Disney's Animal Kingdom iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, ni mji wa kubuni wa pwani ya Afrika Mashariki. Joe Rohde aliongoza ubunifu, na Lamu ilikuwa mfano mkuu. Hakukuwa na filamu nyuma yake. Walitunga mji wenye bandari, maduka, nyumba ya wageni na matangazo ya biashara yaliyochorwa ukutani, kisha wakauzeesha. Mwaka 2014 onyesho la The Lion King likahamishiwa hapo na kujengewa ukumbi, na mji haukutikisika. Filamu iliingia kama mpangaji anavyoingia kwenye nyumba ambayo tayari ina wenyewe.

Sasa tuukague. Kuta za Mji Mkongwe wa Bagamoyo ni mawe ya matumbawe na chokaa. Mawe hayo hunyonya maji. Unyevu hupanda kutoka ardhini ukibeba chumvi, maji yakikauka chumvi hubaki nyuma ya lipu na kuisukuma nje. Kwa hiyo lipu huanza kubanduka chini, kwenye mita ya kwanza, halafu chini ya mifereji iliyotoboka na kwenye kingo za madirisha. Juu, katikati ya ukuta, chokaa hudumu miaka mingi. Pale mtu alipoziba kwa saruji, unyevu hunaswa ndani na kipande kizima hudondoka kikiwa kimoja. Mbunifu asiyejua hili hutawanya nyufa na madoa ukuta mzima kwa kiasi sawa. Mgeni hataweza kusema kosa liko wapi, lakini jicho lake litakataa.

Bustani zenyewe hazijengi kwa mawe. Kwanza husukwa fremu ya nondo, juu yake wavu wa chuma, kisha saruji hupulizwa kwa mashine. Mchongaji ana saa chache tu za kukata mistari ya mawe na nyufa kabla saruji haijashika. Akiwahi mno, kazi inaporomoka. Akichelewa, saruji inamomonyoka vipande badala ya kukatika, na kingo zinabaki butu. Baada ya kukauka hupakwa rangi ya msingi, halafu tabaka kadhaa za rangi iliyozimuliwa kwa maji: nyeusi hutiririshwa ili ituame kwenye mifereji, nyepesi hupitishwa kwa brashi kavu juu ya vilele. Kosa linaloonekana sana kwenye kazi za bei nafuu ni kuishia kwenye rangi ya msingi. Hapo jiwe linafanana na plastiki, na jua la saa 6 mchana halina huruma na kazi ya namna hiyo.

Halafu kuna boriti. Nyumba ya kale ya pwani ina vyumba virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko hubeba dari la mawe kwa upana usiozidi mita 3 hivi. Duka la bustani linataka upana wa mita 8 au 10 ili watu wapishane na mizigo. Ukitandaza boriti za mapambo juu ya ukumbi wa mita 8 bila nguzo, umedanganya, na kila fundi wa Bagamoyo atakuona. Suluhisho ni la kale: safu ya nguzo au matao kila mita 2.5 hadi 3. Duka linabaki pana, macho yanasoma vyumba vitatu vilivyoungana.

Paa nalo. Mapaa ya nyasi ya Harambe yaliezekwa na mafundi wa Kizulu kutoka Afrika Kusini. Kazi yao ni safi sana, nyasi nene, iliyokatwa sawasawa kwenye kingo. Lakini mwonekano huo ni wa kusini. Paa la makuti ya mnazi lina ncha zinazoning'inia, huonyesha fito na kamba ukilitazama kwa ndani, na huchakaa mapema upande unaopigwa na upepo wa bahari. Naipenda Harambe, na bado nasema hapa walichanganya mikoa miwili.

Upande wa mitaa iliyotoka moja kwa moja kwenye filamu, hesabu ilibadilishwa na Hogsmeade, kijiji cha wachawi cha Harry Potter, iliyofunguliwa 18 Juni 2010 katika Islands of Adventure, Orlando. Kwa makadirio yanayotumika katika sekta hiyo, bustani ilikuwa na wageni takriban milioni 4.6 mwaka 2009. Mwaka 2011 walipita milioni 7. Tangu hapo kila kampuni ilitaka mtaa wa filamu. Wengi waliiga jina kubwa, wakaacha kilichofanya kazi. Stuart Craig, aliyebuni mandhari za filamu zenyewe, alishiriki. Soda za kawaida hazikuuzwa ndani ya mtaa, kikauzwa kinywaji cha wachawi, Butterbeer. Hata vyooni mgeni husikia sauti ya mzimu Moaning Myrtle. Mtaa ulikuwa na chakula chake, kinywaji chake, na kazi zake.

Kilichoharibika ni vipimo. Filamu inahitaji duka dogo, lenye giza na rafu hadi darini, kwa sababu ndani kuna waigizaji watatu na kamera. Ollivanders, duka la fimbo za uchawi la Hogsmeade, huingiza watu kama 25 tu kwa wakati mmoja kwenye onyesho la fimbo, hivyo foleni ya kuingia dukani ikawa ndefu nje, juani. Diagon Alley, mtaa wa pili wa Harry Potter huko Orlando, uliofunguliwa 8 Julai 2014, inaonyesha walichojifunza: maduka makubwa zaidi, vichochoro vya pembeni vya kumeza watu, na mlango uliofichwa nyuma ya sura ya mitaa ya London, bila bango kubwa. Unapita kwenye uwazi wa ukuta wa matofali ndipo mtaa unafunguka. Huko ndiko zilikoanzia fimbo za uchawi ambazo mgeni akizipunga, vitu vya madirishani huamka. Kamera ya infraredi husoma ncha ya fimbo inayoakisi mwanga, na alama ya shaba chini inaonyesha pa kusimama na mkono uende vipi. Wengi hushindwa kwa sababu wanapunga mkono mzima, ncha ikatoka nje ya eneo inaloliona kamera. Duara la upana wa kiganja linatosha.

Batuu, sayari ya kubuni ya mtaa wa Star Wars, ndiyo inayogawa mashabiki zaidi. Star Wars: Galaxy's Edge ilifunguliwa 31 Mei 2019 Disneyland, California, na 29 Agosti 2019 Florida, kila moja kwenye ekari 14, sawa na karibu viwanja 8 vya mpira. Badala ya Tatooine, sayari ya filamu inayojulikana, walibuni sayari mpya yenye bandari ya wafanyabiashara, na soko lake limechukua sura kutoka masoko ya Morocco na Uturuki. Mashabiki wengi wanasema kosa ni kukataa sayari ya filamu. Sikubaliani nao. Soko lile ni zuri: njia zinapinda, vitambaa vinaning'inia, sakafuni kuna alama za magurudumu ya roboti zilizogandishwa kwenye saruji. Hata maziwa ya buluu yametengenezwa kwa tui la nazi na maziwa ya mchele, kitu ambacho mtu wa Bagamoyo angekinywa bila kuuliza maswali. Kasoro ni wakazi. Mtaa ulifungwa kwenye wakati mmoja, kati ya filamu ya nane na ya tisa, kwa hiyo Darth Vader hakuweza kutokea kwa kuwa alikwisha kufa, na nafasi yake haikujazwa na viumbe wa kutosha wenye shughuli zao. Bandari isiyo na wapagazi, wachuuzi wala walevi haiaminiki. Mwaka 2025 Disneyland ilitangaza kulegeza wakati huo ili wahusika wa filamu za mwanzo, Luke, Leia, Han na Vader, waonekane kuanzia 2026. Jengo halikuhitaji kuguswa kwa mabadiliko hayo, na hilo linathibitisha kuwa mahali palijengwa vema tangu mwanzo.

Pandora, mtaa wa filamu ya Avatar uliofunguliwa 27 Mei 2017, inahitaji maneno machache. Mashabiki walisema filamu ya 2009 haikuacha mhusika yeyote anayekumbukwa. Wabunifu hawakuwatumia wahusika hao. Walijenga bonde, milima inayoelea iliyobebwa na vyuma vilivyofichwa ndani ya mizizi, na mimea inayowaka usiku. Mtaa ukajaa.

Jambo linalosahaulika kabisa kwenye mabishano haya ni hesabu, nayo inaua mitaa mingi kuliko filamu mbaya. Chukua kivutio cha mashua, watu 20 kila mashua, moja ikiondoka kila sekunde 30. Hizo ni mashua 120 kwa saa, watu 2,400. Wapandishaji wakizembea, au ngazi ya kushukia ikiwa nyembamba, mwanya ukafika sekunde 40, unabaki na mashua 90, watu 1,800. Kwa siku ya saa 10 umepoteza watu 6,000. Nao hawaendi nyumbani, wanasimama mtaani mwako. Foleni ya dakika 90 kwa mwendo huo ni watu 2,700. Ukimpa kila mmoja nusu mita ya mraba, unahitaji mita za mraba 1,350 za kivuli kabla hujajenga kivutio chenyewe.

Kivuli kina hesabu yake pia. Vichochoro vyembamba vyenye kuta ndefu hukinga asubuhi na alasiri. Katikati ya mchana Bagamoyo jua liko karibu na utosi miezi mingi ya mwaka, na Orlando mwezi Juni hali ni hiyo hiyo, kwa hiyo ukuta haukusaidii kitu. Kinachosaidia ni varanda ya mita 2 na nusu na baraza chini yake, mahali mtu anaposubiri mkewe atoke dukani. Galaxy's Edge ililalamikiwa sana kwa hili.

Njia nayo ipimwe. Watu wakitembea bila kusongana, kila mita ya upana hupitisha kama 30 kwa dakika. Onyesho la watu 1,500 likiisha, njia ya mita 6 inawatoa kwa dakika 8 na ushee. Weka dirisha la kuvutia kila upande, nusu ya njia ikaliwa na wanaotazama, muda unakuwa karibu dakika 17. Madirisha mazuri yasiwekwe kwenye koo la njia. Yarudishwe ndani kwa mita 2.

Anayetaka kubishana kwa vitendo atengeneze mfano wa maboksi kwa kipimo cha 1:50. Njia ya mita 6 inakuwa sentimita 12, mtu mzima sentimita 3.4. Kata kuta kwa kadibodi ngumu, usizibandike kwanza, zishike kwa pini ili uzisogeze. Geuza simu kichwa chini ili lenzi iwe karibu na sakafu, kwenye urefu wa sentimita 3.2 ambao ndio macho ya mtu mzima, kisha 2.2 kwa mtoto. Piga picha kila kona, mbele na nyuma, na kila mahali foleni itakaposimama. Picha zitaonyesha migongo ya kuta za mapambo, paa la kivutio cha jirani linalochungulia, na mnara uliodhani utaonekana kutoka mlangoni kumbe umefichwa na ghorofa ya kwanza. Mnara ukifichwa, usiuongeze urefu. Sogeza njia, kwa sababu mnara mrefu zaidi utaonekana pia kutoka mtaa wa pili, na huko hauhitajiki.