Chonge Haiwindi Peke Yake

Mtu akiulizwa simba anaua kwa kutumia nini, jibu la haraka huwa ni meno, na akisema meno humaanisha chonge, zile nne ndefu zinazoonekana simba anapopiga mwayo kwenye picha za kalenda zinazouzwa mitaani hapa Dar es Salaam. Jibu hilo si la uongo, ila linaacha nje sehemu kubwa ya kazi. Chonge ipo kwa ajili ya kuua, na hata kuua kwenyewe haiwezi iwapo windo halijashikwa likatulia. Kushika ni kazi ya miguu ya mbele, na kula ni kazi ya meno ya nyuma ambayo hakuna kalenda inayoyaonyesha.

Asiyepata nafasi ya kwenda Mikumi anaweza kuanza somo hili kwa kumtazama paka wa soko la samaki la Feri. Akitupiwa kichwa cha samaki chenye mifupa migumu, paka hakitafuni kwa meno ya mbele, bali huinamisha kichwa chake upande mmoja na kukisogeza chakula hadi pembeni mwa taya, kwa sababu huko ndiko yaliko magego ya kukatia. Gego la juu lenye makali hupita ubavuni mwa lile la chini kama mkasi, nalo taya hufunguka na kufumba kwa kwenda juu na chini tu, kwa kuwa maungio yake hayaliruhusu kuyumba kushoto na kulia. Kwa sababu hiyo paka hawezi kusaga chakula. Hukikata vipande akameza, na simba hufanya vivyo hivyo. Mbwa ana meno 42 na paka ana 30, na sehemu ya tofauti hiyo ni magego ya kusagia ambayo mbwa amebaki nayo nyuma ya yale ya kukatia. Ndiyo maana mbwa wa mtaani hujishibisha kwa ukoko wa ugali ambao paka ataunusa tu na kuuacha.

Nyuma ya chonge kuna pengo dogo lisilo na jino la maana, nalo huiwezesha chonge kuzama mwilini hadi mwisho wake. Paka anapomuua panya humng'ata kisogoni, na ncha ya chonge hupenya kati ya pingili za shingo na kukata uti wa mgongo. Simba hawezi kumfanyia nyati hivyo kwa urahisi, kwani shingo ya nyati ni nene mno. Badala yake hubana koo, au hufunika pua na mdomo wa windo kwa mdomo wake mwenyewe, akasubiri pumzi iishe.

Kusubiri huko ndiko kunakoonyesha thamani ya miguu. Mnyama mkubwa anayekabwa huendelea kurusha mateke na kutikisa kichwa, na chonge iliyozama shingoni inaweza kuvunjika iwapo anayeuma hajamdhibiti anayeumwa. Simba na chui wana miguu ya mbele minene, yenye uwezo wa kugeuza nyayo zikatazamana na kukumbatia windo, na makucha ambayo wakati wa kutembea hurudi ndani yasichakae ardhini, kisha hutolewa kwa kuvutwa na kano pale yanapohitajika. Mtulinga wao nao ni kijifupa kidogo kisichounganisha bega na kifua, hivyo bega husogea kwa uhuru na hatua hurefuka.

Duma amechukua njia nyingine. Makucha yake hubaki nje na kushika ardhi anapokimbia kwa kasi inayokaribia kilomita 100 kwa saa, uti wa mgongo wake hupinda na kunyooka kila hatua, na mkia mrefu humsaidia kukata kona. Gharama yake ni kwamba hana mikono ya kumwangusha mnyama kwa nguvu, kwa hiyo hutegemea ukucha mkali wa kidole cha ndani cha mguu wa mbele, ambao haugusi ardhi, kumnasa swala na kumyumbisha akiwa mbioni. Kwa maoni yangu huo ukucha mmoja unastahili sifa zaidi kuliko kasi yenyewe, ambayo kila mtu anaijua.

Mbwa mwitu, ambao Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ni mojawapo ya ngome zao kubwa barani Afrika, hawana hata kidole hicho. Miguu yao ya mbele ina vidole vinne tu, nayo ni ya kukimbia umbali mrefu. Kazi ya kushika wameigawa kwa kundi: mmoja hukamata pua au mkia, wengine huanza kula. Fisi madoa naye hukimbiza windo kwa kilomita kadhaa, na utafiti wa Hans Kruuk katika Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960 ulionyesha kwamba huwinda mwenyewe sehemu kubwa ya chakula chake. Meno yake mazito yaliyo mbele ya yale ya kukatia huvunja mifupa ambayo simba huiacha.

Silaha hizi zikiharibika, mnyama hubadilisha chakula. Mmoja wa simba wawili waliokuwa wakila watu Tsavo mwaka 1898, ambao mabaki yao yako Chicago, alikuwa na chonge ya chini iliyovunjika na jipu kwenye mzizi wake. Karibu zaidi na sisi, huko Rufiji, mwaka 2004 aliuawa simba aliyekuwa ameua watu wengi, na chini ya gego lake lililopasuka likakutwa jipu kubwa. Sidhani kwamba maumivu pekee yanaeleza yote, kwa kuwa nguruwe pori huwavuta simba hadi mashambani wanakolala wakulima wanaolinda mazao; lakini simba asiyeweza kubana koo la nyati mpaka pumzi iishe amebakiwa na mawindo machache, na binadamu ana shingo nyembamba na mbio fupi.