Mlango Una Komeo Upande Gani?

Jumamosi, saa tano usiku

Tangu nisome hukumu ya Michael Pratt sijaacha kubishana na watu. Mahakama ya San Diego, Marekani, ilimfunga miaka 27 mwezi Septemba 2025. Alikuwa na tovuti ya video za ngono iitwayo GirlsDoPorn, na kila ninapoitaja kesi hii lazima atokee mtu wa kuniambia: "Si walikubali? Si walilipwa?"

Ndiyo, walikubali. Tatizo ni walichokubali. Walikuwa mabinti wa miaka 18 na kuendelea kidogo, wengi wanafunzi wa vyuo, walioitikia tangazo la kazi ya uanamitindo. Baadaye wakaambiwa ni video, lakini itauzwa kwa DVD nchi za mbali na kamwe haitafika kwenye intaneti. Aliyesita aliunganishwa kwa simu na binti mwingine, aliyelipwa ili aseme mambo yalimwendea salama. Video zilikuwa zinatengenezwa kwa ajili ya intaneti tangu mwanzo. Wazazi waliziona, wanafunzi wenzao waliziona, wengine wakaacha masomo. Ishirini na wawili walishtaki, na Januari 2020 jaji akaamuru walipwe karibu dola milioni 13 na warudishiwe haki juu ya video zao. Pratt alikuwa ameshatoroka. Alikuja kukamatwa Hispania Desemba 2022.

Ninachojifunza mimi hapo si kwamba kila anayevua nguo mbele ya kamera amedanganywa. Wapo wanaoijua kazi hiyo vizuri, wanaijadili bei, na wanachukia kuonewa huruma. Mwaka 2012 wapiga kura wa kaunti ya Los Angeles walipopitisha sheria ya kulazimisha kondomu kwenye filamu hizo, waliopinga ni pamoja na waigizaji wenyewe, wakisema wanaamuliwa mambo ya miili yao na watu ambao hawakuwauliza. Unaweza kuwaona wamekosea. Kuwaita watoto wasiojua walitendalo huwezi.

Kwa hiyo swali la "alikubali au hakukubali" halinitoshi tena. Linatazama siku ya kuingia tu. Mimi nataka kujua yule mtu anaweza kusema basi saa ngapi, na akisema itakuwaje. Katikati ya kazi? Mwaka ujao? Komeo la mlango liko upande wake au upande wa tajiri?

Shangazi yangu wa Mtwapa anasema haya ni maneno ya watu walioshiba. Ana nyumba ya vyumba sita vya kupangisha, na mpangaji wake mmoja hutoka jioni amejipamba na kurudi alfajiri. Kila mtu anajua. Wazee wa mtaa wamemtumia ujumbe shangazi mara kadhaa amtoe.

"Wewe unaongea uhuru," aliniambia juzi, "huyu ana watoto wawili na mama mgonjwa Kaloleni. Uhuru gani huo, mwanangu? Njaa ndiyo iliyomchagulia."

"Lakini shangazi, humtoi."

"Nimtoe aende wapi? Analipa kodi tarehe mosi. Wale wazee wenyewe wana wapangaji hawajalipa tangu Ramadhani."

Nampenda shangazi kwa sababu hiyo: anahukumu kwa mdomo, mikono yake inafanya jambo jingine. Na kuhusu njaa ana hoja nzito, siwezi kuipita. Ila nikamuuliza kuhusu mabinti wa hapa Pwani wanaokwenda Saudia kufanya kazi za ndani. Nao wanasukumwa na njaa. Nao wanatia saini wenyewe, na wengi wakifika pasipoti huchukuliwa, na kuacha kazi bila ruhusa ya tajiri huwa shida. Hatujasema kazi ya nyumbani ipigwe marufuku duniani. Tunadai wawe na simu, mshahara, na njia ya kurudi. Kwa nini akili hiyo hutupotea mara ngono inapotajwa?

Alinyamaza kidogo, kisha akasema ngono si kufua nguo. Kweli, si kufua nguo. Sitaki binti yangu aifanye kazi hiyo, na sitajifanya nataka ili nionekane wa kisasa. Dini yangu nayo imeshasema lake. Lakini kutotaka kwangu hakumpi ulinzi mtu ambaye yumo tayari.

Sheria yetu hapa Kenya ina uso wa ajabu. Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 153 na 154, inawalenga wanaoishi kwa kipato cha ukahaba wa wengine. Mwenye kupangisha nyumba akijua inatumika kama danguro naye ana kesi. Mwanamke mwenyewe hukamatwa zaidi kwa sheria ndogondogo za kaunti, za kuzurura na kusimama njiani. Matokeo yake wanawake wawili wakipanga pamoja ili walindane, nyumba yao inaanza kuitwa danguro, na mwenye nyumba anaogopa. Akikaa peke yake ndiyo salama kisheria, na ndiyo hatari zaidi kwa uhai wake.

Haikuwa hivi sikuzote. Mwanahistoria Luise White aliwahoji wazee wa Nairobi, wanawake kwa wanaume, kuhusu enzi za ukoloni. Wanawake wa Pangani na Pumwani walikuwa wakikaa ndani ya vyumba vyao, mwanamume anakuja, anapewa chai, maji ya kuoga, chakula, na kila kitu kina bei yake. Baadhi yao walijenga nyumba, wakawa wenye nyumba mjini wakati ambapo Mwafrika kumiliki chochote Nairobi ilikuwa shida. Sisemi ilikuwa raha. Wengi walifika pale baada ya ukame, mifugo kufa au ndoa kuwashinda. Nasema mlango ulikuwa wao.

New Zealand waliliandika jambo hili kwenye sheria yao ya 2003: kukubaliana bei si ridhaa, na mtu anaweza kukataa wakati wowote hata kama mkataba upo. Si karatasi tupu, kwani mwaka 2014 mwanamke mmoja aliyefanya kazi danguroni alimshtaki msimamizi wake kwa kumnyanyasa kijinsia kwa maneno, akashinda na kupewa dola 25,000 za kule. Nilipomsimulia shangazi alicheka mpaka akashika kiuno. "Malaya kumshtaki mtu kwa maneno!" Baada ya hapo hakucheka tena, akauliza jaji alikuwa mwanamke au mwanamume. Ubelgiji nao, tangu Desemba 2024, wanaruhusu mikataba ya ajira yenye haki ya kumkataa mteja bila kufukuzwa.

Yule mpangaji alikuja kukaa nasi barazani tulipokuwa bado tunazozana. Shangazi akabadilisha mada haraka, akaanza bei ya nyanya. Yule mpangaji akasema tusijisumbue, kuta za vyumba vile ni nyembamba na ametusikia tangu mwanzo.

Hakuwa na la kusema kuhusu uhuru. Kuna mteja aliyemvunjia simu na kumpiga wiki iliyopita, anamjua jina na anapokaa. Alichotaka kujua ni kama polisi wanaweza kuandika taarifa yake bila kumuuliza kwanza alikuwa anafanya nini pale usiku ule. Nilimwambia watamuuliza.

"Basi nije na mtu," akasema.

Shangazi ameshajitolea. Amesema atavaa buibui lake jipya na atakayemuuliza mpangaji wake maswali ya kipuuzi atajibiwa na yeye. Tunakwenda Jumatatu asubuhi.