Kutafuta ndani ya nyaraka za Kiswahili: pima kwanza, chagua programu baadaye

Ofisi yenye kabati la mikataba, mihutasari ya vikao na barua za miaka 20 huuliza swali moja: tuweke programu gani ili tuandike neno na waraka utokee? Yapo maswali mawili yanayotangulia hilo. Ndani ya faili zenu mna maandishi, au mna picha za maandishi? Na atakayetafuta ataandika neno katika umbo gani? Hayo mawili huamua karibu kila kitu, hasa nyaraka zikiwa za Kiswahili.

Tuanze na picha. Fungua PDF, jaribu kunakili sentensi moja kwa kipanya. Ikikataa, hiyo ni picha tupu, na hakuna hifadhidata itakayoona neno ndani yake. Skani kwa nukta 300 kwa inchi. Chini ya 200, herufi ndogo huanza kushikana. Kisha pitisha faili kwenye OCRmyPDF, programu huria inayotumia Tesseract kusoma herufi. Tesseract ina data ya Kiswahili, msimbo wake ni swa. Amri `ocrmypdf -l swa+eng --skip-text` husoma lugha zote mbili na kuziacha kurasa ambazo tayari zina maandishi.

Matokeo ya usomaji huo yakaguliwe kabla ya kuingizwa popote. Kiswahili kinatupa kipimo ambacho Kiingereza hakina: maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu. Andika programu fupi ihesabu, kwa kila ukurasa, maneno yanayoishia kwa konsonanti. Ukurasa ambao nusu ya maneno yake yameishia hivyo umesomwa vibaya, au si wa Kiswahili. Kipimo cha pili ni herufi r na n zikifuatana. Mashine huona m ikadhani ni rn, na kwa kuwa m imejaa kila mahali katika lugha yetu, makosa hayo huwa mengi. Orodhesha maneno yote yenye rn. Ukitoa “karne” na majina ya watu, mengi yanayobaki ni makosa ya kusahihisha.

Kuhusu ukubwa wa mashine, watu wengi hutumia pesa bila sababu. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 una pikseli 2480 kwa 3508, yaani kama megabaiti 8.7 kwa rangi ya kijivu kabla ya kubanwa. Maandishi ya ukurasa huohuo ni kilobaiti 2 au 3. Kwa hiyo kurasa 100,000 hazizidi megabaiti 300 za maandishi, na faharasa, yaani orodha ya maneno ambayo programu huitumia kutafuta, hujengwa juu ya maandishi, si juu ya picha. Kompyuta ya kawaida ya mezani inatosha. Fedha iende kwenye diski za picha na nakala za akiba.

Sasa lugha yenyewe, na hapa ndipo programu nyingi hukwama. Injini nyingi za kutafuta zilitungwa kwa lugha ambazo neno hubadilika mwishoni. Sisi hubadilisha mwanzoni: mkataba na mikataba, kiwanja na viwanja, alilipa, wamelipa, yatakayolipwa. Lucene, ambayo ndiyo moyo wa injini kubwa za Elasticsearch, OpenSearch na Solr, haina kichanganuzi cha Kiswahili, yaani sehemu ya kutambua maumbo ya neno. PostgreSQL, hifadhidata huria ya seva, nayo haina kamusi ya Kiswahili. Ukiiacha kwenye mpangilio wa Kiingereza, hutupa maneno inayoyaona hayana maana, na mojawapo ni “same”. Anayetafuta barua za Wilaya ya Same mkoani Kilimanjaro hatapata hata moja, na hataelewa kwa nini. Tumia mpangilio unaoitwa `simple`, ambao haukati miisho ya maneno wala hautupi neno.

Dawa ya viambishi awali ni faharasa ya vipande vya herufi tatu-tatu. SQLite, hifadhidata ndogo ya faili moja, inayo ndani ya FTS5, sehemu yake ya kutafuta maandishi, tangu toleo la 3.34; PostgreSQL inayo katika kiendelezi `pg_trgm`. Ukiandika “kataba” unapata mkataba na mikataba. Ukiandika “wanja” unapata kiwanja na viwanja. “Walimu” humleta hata mwalimu, kwa sababu neno hilo limo ndani yake. Gharama zake zipo. Faharasa hunenepa kuliko ile ya maneno mazima. “Haki” italeta pia hakimu na mahakimu. Na mizizi mifupi huponyoka: mzizi wa “uza” ni herufi mbili tu, kwa hiyo “uza” haimpati aliyeandika “iliuzwa” wala “mauzo”. Kwa vitenzi vya namna hiyo tengeneza orodha yenu ya maneno ndugu, na programu iyaongeze wakati wa kutafuta. Orodha ya maneno 100 ya kazi yenu, iliyoandikwa na mtu wa masjala, ina faida kubwa kuliko seva mpya. Faharasa bora ni mbili kwa pamoja: ya maneno mazima itoe majibu ya juu, ya vipande ifuate chini yake.

Usisahau ng'. Mpangilio wa kawaida wa FTS5, na ule wa PostgreSQL, hukata “ng'ombe” kuwa “ng” na “ombe”. Tena alama yenyewe huandikwa kwa namna mbili au tatu, kutegemea kibodi. Njia salama ni kuifuta alama hiyo kabla ya kuingiza, na kuifuta vilevile kwenye neno la mtafutaji. Maandishi halisi yabaki kwenye safu nyingine kwa ajili ya kuonyeshwa.

Kwa mtumiaji mmoja au seva moja ndogo, tunapendekeza SQLite na FTS5 bila kusita. Ni faili moja, na hupanga majibu kwa kuzingatia uhaba wa neno: neno adimu lina uzito zaidi. Onyo moja tu: usiweke faili hilo kwenye folda ya mtandao ili kompyuta tano zilifungue kwa pamoja. Ufungaji wa faili kwenye folda za mtandao hauaminiki, na hifadhidata inaweza kuharibika.

Wakiwa watu wengi wanaoingiza na kutafuta kwa wakati mmoja, nenda PostgreSQL. Ingiza ukurasa mmoja kama rekodi moja, si kitabu kizima, kwa sababu `tsvector` moja, yaani orodha ya maneno ya rekodi moja, haivuki megabaiti 1, na ripoti ndefu hukataliwa katikati ya kazi. Kuingiza kwa ukurasa pia humpeleka msomaji palepale neno lilipo. Udhaifu wake ni upangaji wa majibu: kipimo chake cha kawaida hakijali neno ni adimu kiasi gani katika nyaraka zote.

Meilisearch, injini nyingine ya kutafuta, ni rahisi kusimika na huvumilia makosa ya tahajia, lakini kosa kwenye herufi ya kwanza hulihesabu kama makosa mawili. Neno la herufi 5 hadi 8 huruhusiwa kosa moja. Basi “kitabu” haileti “vitabu”, ingawa “mkataba” huleta “mikataba”.

Elasticsearch na OpenSearch zina nafasi yake pale nyaraka zinapofika mamilioni na mna mtu wa kuzitunza. Diski ikijaa kufikia asilimia 95, Elasticsearch huzuia kuandika kwenye faharasa, na wengi hudhani programu imekufa. Matoleo ya kabla ya 8.0 hayakuwasha ulinzi yenyewe, hivyo kamwe msiyaache wazi kwenye intaneti.

Zipo maktaba zenye data katika CDS/ISIS, programu ya zamani ya UNESCO ya kutunza rekodi. Msiandike upya kwa mkono. Itoe katika ISO 2709, muundo wa kubadilishana rekodi za maktaba, kisha ibadilishwe kuingia Koha, programu huria ya maktaba, au PostgreSQL. Rekodi za Kiswahili huvuka salama kwa kuwa hatuna herufi zenye alama juu. Za Kifaransa ndizo za kukagua, kwa sababu usimbaji wa enzi ya DOS huharibu é na ç.

Kabla ya kuamua, chukueni nyaraka 200 na maswali 30 ambayo watu wa ofisi huuliza kweli, kwa maneno yao wenyewe. Kwa kila swali, mtu anayezijua nyaraka aandike zipi zinapaswa kutokea. Pitisheni maswali yote kwenye kila programu, mhesabu zilizokosekana na zilizokuja bure. Kwenye mikataba na kesi, waraka uliokosekana ni hasara kubwa kuliko kumi zisizohusika.

Katika maswali hayo 30 wekeni mawili kuhusu faili za siri, yaulizwe na mtu asiye na ruhusa. Kichwa cha faili kinaweza kufichwa huku kipande cha sentensi kwenye majibu kikionyesha mshahara wa mtu. Ruhusa iwe safu ndani ya hifadhidata, ichujwe kwenye swali lenyewe, si kwenye ukurasa unaoonyesha majibu.