Kumbukumbu ya mradi: kutandaza vekta ya maikroarei ifanane na kioo chake

Fankisheni zangu mbili za R, lugha ya programu ya takwimu, sasa zinafanya kazi. Ya kwanza inapokea vekta (orodha moja ndefu) ya vipimo vya maikroarei, yaani kipande cha kioo chenye maelfu ya madoa ya DNA yanayopima utendaji wa jeni nyingi kwa pamoja, na kuitandaza iwe matriksi (jedwali la safu mlalo na safu wima) yenye sura ya kioo chenyewe. Ya pili inairudisha matriksi kuwa vekta. Kifurushi cha OLIN cha Bioconductor, hazina ya vifurushi vya R vya biolojia, kinazo tayari, v2m na m2v, lakini nilitaka za kwangu ili niweze kubadili mpangilio nitakavyo. Sababu naieleza chini.

Data ninayotumia ni seti iitwayo swirl, ya samaki pundamilia wenye mabadiliko kwenye jeni ya BMP2. Kioo kimoja kina madoa 8448. Yalichapwa na sindano 16 zilizopangwa 4 kwa 4, kila sindano na kitalu chake cha safu mlalo 22 na safu wima 24. Kioo kizima basi ni safu mlalo 88 kwa safu wima 96.

Vekta haipiti kioo kutoka ukingo hadi ukingo. Inamaliza kitalu kimoja kwanza, ndipo inahamia kingine. Aliyewahi kutafuta kiwanja hapa Dodoma, Kisasa au Iyumbu, ataelewa mara moja: namba ya kiwanja bila kitalu haikufikishi popote.

Chukua doa la 5000. Toa 1, gawanya kwa 528, yaani madoa ya kitalu kimoja (22 mara 24): unapata 9, baki 247. Vitalu 9 vimeshapita, kwa hiyo tuko kitalu cha 10, yaani mstari wa tatu wa vitalu, cha pili kutoka kushoto. Gawanya 247 kwa 24: 10, baki 7. Ndani ya kitalu ni safu mlalo ya 11, safu wima ya 8. Kwenye kioo kizima ni safu mlalo ya 55, safu wima ya 32. Ukiiachia R ijaze matriksi yenyewe itajaza kwa safu wima, na hata byrow = TRUE peke yake haitoshi, kwa sababu haijui habari za vitalu.

Jambo ninalotaka kulisisitiza kuliko yote ni jaribio. Wengi hupima kwa kwenda na kurudi: vekta iwe matriksi, matriksi iwe vekta, zikilingana basi safi. Jaribio hilo halithibitishi mahali. Mpangilio usio sahihi nao utarudi salama kabisa, mradi fankisheni zote mbili zinaufuata. Mimi natandaza namba za vitalu zenyewe, halafu safu mlalo, halafu safu wima, kutoka faili la skana, na kuangalia kama kila namba imekaa panapostahili.

Mahali pana uzito. M, yaani logi ya kizio cha 2 ya uwiano wa mwanga mwekundu kwa wa kijani wa kila doa (rangi mbili za sampuli mbili zinazolinganishwa), haitarajiwi kufuata kona za kioo. Kona nzima ikiwa nyekundu, shuku uoshaji, skana au sindano kabla ya kushuku jeni. Picha hiyo huioni kwenye vekta, na kwenye matriksi iliyopangwa ovyo inasambaratika kabisa. Doa bovu nalo liachiwe NA, alama ya R ya thamani isiyokuwepo, mahali pake. Ukilifuta, yote yanayolifuata yanasogea.

Sasa ile sababu. Mjomba wangu Kongwa ana majaribio ya mbegu za mtama, na vipande vyake vimeandikwa kwenye daftari kwa orodha moja ndefu. Shamba lina mteremko, maji hutuama upande mmoja, kwa hiyo swali ni lilelile: mavuno haya ni ya mbegu au ya mahali? Ila yeye huhesabu kwa kwenda na kurudi, mstari wa kwanza kushoto kwenda kulia, wa pili kulia kwenda kushoto. Naongeza chaguo la kugeuza mistari shufwa kabla ya kutandaza. Likikamilika naweka msimbo wote hapa.