Sufuria la maji na kisima cha Addington

Wiki ya kwanza nilipohamia Croydon, kusini mwa London, mwenzangu wa nyumba alinikuta jikoni saa tano za usiku nachemsha maji. Akauliza naumwa nini. Nikamjibu siumwi, nachemsha ya kunywa kesho. Yeye ni Mkongomani wa Bukavu, kaishi huku miaka mingi, alicheka mpaka akashikilia mlango. "Dada, huku maji ni ya kunywa hivi hivi!" Nikazima jiko kwa aibu, ila maji yale niliyapooza nikayatia kwenye chupa, maana mtoto wa Tanga aliyelelewa na mama nesi hamwagi maji yaliyochemka.

Waafrika wengi tunaijua Croydon kwa Lunar House, lile ghorofa la uhamiaji. Unafika asubuhi na bahasha kwapani, ukimaliza unarudi stesheni. Mimi nilipata kazi ya kuhudumia wazee majumbani, nikabaki. Na ni katika kazi hiyo ndipo nilipomkuta bibi mmoja, sasa marehemu, aliyenifanya niache kuona haya kwa sufuria langu. Siku moja naosha birika lake, nasugua ule ukoga mweupe unaoganda ndani (maji ya huku yanatoka kwenye miamba ya chokaa, birika halikai safi hata wiki), akaniambia kwamba alipokuwa mtoto wa miaka 7 mama yake alikuwa akichemsha maji yote ya nyumbani, hata ya kupigia mswaki. Nikadhani ni habari za vita. Akasema la, ni kabla ya vita. Ilikuwa homa.

Nilikwenda kusoma, na nilichokikuta kilinikalisha maktaba mpaka jioni.

Mwaka 1937 Croydon haikuwa sehemu ya London bado. Ulikuwa mji wenye halmashauri yake, mkoani Surrey, watu zaidi ya laki mbili, na ulikuwa mji wa kujivunia. Nyumba mpya mbili mbili zenye ukuta wa pamoja, bustani mbele na nyuma, bafu na choo ndani. Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Uingereza ulikuwa hapo hapo. Safari ya kwanza ya shirika la ndege la Imperial Airways kuelekea kwetu, Februari 1931, ilianzia Croydon na njia yake ikaishia Mwanza. Kwa usafi pia walikuwa na jina. Bodi yao ya afya iliundwa 1849, miongoni mwa za mwanzo nchini, na mwaka 1851 wakafungua mtambo wa kusukuma maji pale Surrey Street. Jengo lake lipo mpaka leo, lina kuta kama ngome ya mchezo wa kuigiza, nyuma ya soko ninalonunulia ndizi na pilipili. Niliipita miaka mitatu bila kuuliza ni kitu gani.

Sehemu ya juu ya mji, upande wa kusini, ilikunywa maji ya kisima cha Addington. Kisima kirefu, kimechimbwa kwenye chokaa, na watu waliamini maji yaliyochujwa na mwamba hayana haja ya kusumbuliwa sana. Mwishoni mwa Septemba 1937 mafundi waliteremka ndani kufanya ukarabati, na waliendelea karibu Oktoba yote. Kisima hakikufungwa. Wakati wao wako chini, maji yaliendelea kupandishwa kwenda mjini, na kwa kipindi hicho yalikwenda bila kuchujwa na bila klorini.

Miongoni mwa mafundi alikuwamo mtu aliyewahi kuugua homa ya matumbo, yaani taifodi, wakati wa Vita Kuu ya kwanza. Alipona, akawa mzima kabisa, anapiga kazi kama wenzake. Lakini vijidudu havikumtoka. Mama yangu alinieleza zamani kwamba taifodi ina watu wa namna hiyo: haimuumizi mwenyewe, ila anaibeba. Tume ya uchunguzi iliyokuja baadaye haikumwita kwa jina, ilimwandika kwa herufi tu, A. Nadhani walifanya vizuri, kwa sababu yule bwana hakuwa na kosa lolote zaidi ya kuitwa kazini.

Taifodi haiji leo ukinywa leo. Inajificha wiki moja, mbili, hata tatu. Kwa hiyo maji ya Oktoba yaliwalaza watu mwishoni mwa Oktoba na Novemba. Daktari huyu ana mgonjwa mmoja, yule ana wawili, kila mmoja anadhani ni wa kwake peke yake. Walipoweka anwani pamoja ndipo ikaonekana: nyumba hizi zote zinakunywa Addington. Na wagonjwa wengi walikuwa wa mitaa ya watu wenye kipato, siyo vibanda. Jumla walifika 341, wakafa 43. Karibu mmoja katika kila wanane. Dawa haikuwapo, kloramfenikoli ilikuja muongo mmoja baadaye. Ilikuwa ni kulazwa, uji mwepesi, na kusubiri kama utumbo utashika au utatoboka.

Sasa sikilizeni sehemu iliyonikera. Mganga mkuu wa mji, Bwana Afya kama walivyowaita wazee wetu, alikuwa Dakta Oscar Holden. Mhandisi wa mji alijua kuna mafundi kisimani. Mganga hakujua. Wakati watu wameanza kulala kwa homa na yeye anatafuta chanzo, hakuwa na habari kwamba ndani ya kisima kuna watu, wala kwamba maji hayatiwi dawa. Idara mbili za halmashauri moja! Wananchi ndio waliounda kamati yao wakapiga kelele mpaka serikali ikaitisha uchunguzi wa hadhara, chini ya mwanasheria H. L. Murphy. Mwaka 1938 baba mmoja na bintiye aliyeugua wakaishtaki halmashauri, na mahakama ikasema ilizembea. Baada ya hapo klorini ikawa jambo la kawaida kwenye maji ya umma nchini, hata kwa wale waliokuwa wakilalamika kwamba inaharibu ladha ya chai.

Nimewahi kukaa kwenye vikao vya mtaa kule Tanga, idara ya maji inasema ni barabara, barabara inasema ni maji, na bomba linavuja katikati. Nilikuwa naona ni ugonjwa wetu.

Mama alipokuja kunitembelea mwaka juzi nilimpeleka sokoni Surrey Street, nikamwonyesha ile ngome, nikamsimulia kisa chote tukiwa tumesimama na mifuko. Alisikiliza kimya, yule nesi wa miaka 30. Akauliza swali moja: "Waliowahi kuumwa walipimwa choo kabla ya kushushwa kisimani?" Nikamwambia wakati ule hapana.

Tulipofika nyumbani alivua viatu, akafungua kabati za jikoni moja baada ya nyingine, akaniuliza sufuria kubwa naliweka wapi. Alichemsha maji kila usiku kwa wiki zote tatu alizokaa. Mkongomani wangu hakucheka. Alikuwa akimshikia chupa.