Meseji ya ubao kwenda Nansio

Mwezi uliopita mimi na mjomba tuliacha mchezo wa chesi katikati, hapa kwangu Kirumba, Mwanza, kwa sababu muda wa feri ya Ukerewe ulikuwa umefika. Yeye anaishi Nansio na simu yake ni kiswaswadu, picha haipokei. Nikamwahidi kumtumia ubao mzima kwa meseji moja.

Maandishi hayo yanaitwa FEN. Chimbuko lake ni David Forsyth, mwandishi wa habari wa Scotland wa karne ya 19. Baadaye Steven J. Edwards akayaongezea ili kompyuta ziyasome. Unaanzia mstari wa nane, kwa weusi, ukishuka. Herufi kubwa ni kete nyeupe, ndogo ni nyeusi, zote kutoka majina ya Kiingereza: K mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, P askari. Farasi ni N kwa kuwa K ina mwenyewe. Namba ni vyumba vitupu, na mkwaju (/) hutenga mistari. Askari mweupe akiwa peke yake mstari wa nne, pale e4 (safu ya e, ya tano kutoka kushoto), unaandika 4P3. Kila mstari lazima utimize nane. Mimi huhesabu kwa kidole kabla ya kutuma.

Utamu wenyewe uko mkiani. Baada ya ubao nikaandika b, yaani zamu ya mweusi, kisha KQkq: weupe na weusi bado wana haki ya kaslingi, mfalme na ngome kusogea kwa pamoja, upande wa mfalme (K, k) na wa malkia (Q, q). Niliandika kwa mazoea tu.

Mjomba akajibu: "Mpwa wangu, askofu wangu alipokushambulia, mfalme wako alikwenda f1, ndipo akarudi. Haki hiyo huna tena. Futa K na Q."

Nikautazama ubao mezani. Mfalme wangu yuko e1, ngome zote mbili kwenye kona zake, kana kwamba hakuna aliyewahi kunyanyuka. Hata picha ingemficha mtu jambo hilo. Nikatuma upya, mwisho ukisomeka b kq - 5 13: hakuna askari wa kuliwa njiani, hatua tano tangu kete iliwe au askari asogee (zikifika mia unaweza kudai sare), raundi ya 13.

Jibu lilikuja saa nne usiku, herufi mbili na namba: Ng4. Farasi wake yuko mlangoni kwangu, na kaslingi sina.