Gunia la mbalamwezi

Mwaka 2016 shangazi yangu alikuwa akinunua dagaa wakavu mwalo wa Kirumba, hapa Mwanza. Boti ikishusha mzigo, karani wake anaandika kilo za kila gunia kwenye mstari mmoja: 52,48,50. Mimi nikamtengenezea programu kwa PHP, lugha ya kuandikia programu. Karani anaingiza mstari wake, amri ya explode inaukata kwenye kila koma na kupanga vipande kwenye arei, yaani orodha, kisha amri ya count inahesabu vipande. Vitatu, basi magunia matatu, na jioni shangazi anaona jumla kwenye simu. Nikatembea kifua mbele mwaloni pale.

Wiki ya pili mwezi ukajaa. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa; mbalamwezi ikitanda ziwani, taa inakosa kazi, na wavuvi wanabaki nchi kavu wanashona nyavu. Karani akawa anatuma mstari mtupu. Programu ikajibu: gunia 1. Kesho yake, gunia 1. Siku ya nne shangazi akamwita karani.

"Magunia manne yako wapi?"

"Mama, hakuna boti iliyoshusha."

"Kompyuta haina tumbo, mwanangu. Haili dagaa."

Yule kijana wa Ukerewe hakubishana. Alitoa funguo za stoo, zimefungwa kwa kipande cha wavu wa buluu, akaziweka juu ya mzani, akaondoka. Mshale wa mzani haukutikisika hata kidogo.

Usiku nikajaribu mwenyewe: count(explode(',', '')). Jibu, 1. Kumbe ukikata mstari mtupu, PHP haikupi arei tupu. Inakupa arei yenye kipande kimoja kisicho na herufi hata moja. Na count haichungulii ndani ya kipande. Kipo? Kinahesabiwa. Siwezi kuilaumu, niliyeacha kuuliza kama mstari una kitu ni mimi. Nikaongeza sharti moja tu kwenye programu, na sifuri ikapatikana.

Asubuhi nilimweleza shangazi. Sidhani kama alielewa habari ya koma, ila alifungua mkoba, akanikabidhi funguo.

"Mpelekee wewe."

Nilimkuta kwa mama ntilie, anachovya chapati kwenye chai. Alizipokea bila kunitazama.

"Leo programu yako inasema gunia ngapi?"

"Sifuri."

"Si ungeniuliza mimi."